Twiga, Mlembe na Sega

Bibi wa pwani akisema "Paukwa", wajukuu hujibu "Pakawa". Bibi wa Garissa husema "Sheeko, sheeko", nao huitikia "Sheeko xariir", hadithi ya hariri. Nimefundisha uandishi wa habari darasani, na nimeufundisha chini ya mti, na kila kundi jipya la wanafunzi nimelianzia na hadithi hii moja. Huitikia kwa lugha waliyotoka nayo nyumbani. Nawe itikia kwa yako.

Hapo kale, na si kale sana, palikuwa na Twiga. Alizaliwa Bour-Algi, kusini kidogo ya mji wa Garissa, mahali ambapo hata leo wenyeji huwalinda twiga wao karibu na mto Tana. Huyu alijaliwa macho. Akiwa bado ndama aliona vumbi la msafara kabla fisi hajapata harufu yake, na wingu la upande wa Wajir kabla wazee hawajaanza kubishana kama lina mvua. Wanyama wakamwendea mama yake wakamwambia, mtoto huyu asiishie kutafuna migunga. Apelekwe akasome, kisha arudi atuambie anachokiona.

Wakachanga. Ngamia alitoa maziwa ya msimu mzima, yakauzwa Suuq Mugdi. Punda alibeba maji siku arobaini bila ujira. Mbuzi alitoa mwanawe mmoja, akapelekwa Soko Ng'ombe, na tangu siku hiyo Mbuzi hakulizungumza tena jambo hilo. Twiga akavuka daraja la Tana, "akaenda Kenya", kama wazee wa huku walivyozoea kusema mtu akielekea Nairobi, tangu enzi za vibali vya kutoka na kuingia jimboni.

Huko akachagua elimu ambayo wenzake hawakuitaka. Wao walisomea namna ya kulitangazia taifa zima kwa mpigo mmoja. Yeye akasomea habari za karibu: jinsi wanaokunywa kisima kimoja wanavyopashana habari wao kwa wao, na wanavyojua nani wa kuaminiwa na nani wa kusikilizwa tu kwa adabu. Alipotakiwa kutaja jambo atakalolitafiti, hakusita. Alimtaja Mlembe.

Mlembe huyu sikumtunga. Ni ndege mdogo mwenye rangi ya vumbi, anayekula nta na majana ya nyuki lakini hana nguvu za kuupasua mzinga. Kwa hiyo humtafuta binadamu. Huimba, huruka kidogo, hungoja, huruka tena, mpaka mtu afike mzingani. Waborana wa kaskazini nao humwita kwa mluzi mkali wanaouita fuulido. Hussein Isack, Mborana aliyekuwa mtafiti wa ndege katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alilipima jambo hili pamoja na mwenzake H.-U. Reyer, wakalichapisha katika jarida la Science mwaka 1989. Katika eneo wasilolijua, watafuta asali walitumia wastani wa saa 8.9 kuupata mzinga mmoja. Wakiongozwa na mlembe, saa 3.2. Na yale ambayo wafugaji walikuwa wakiyasema siku zote, kwamba ndege huyu kwa sauti na mwendo wake huonyesha mzinga uko upande gani, uko mbali kiasi gani, na kwamba hubadili mlio mkishafika, yakaonekana kuwa kweli. Namheshimu Isack kwa sababu hiyo: aliyaamini maneno ya watu wake kiasi cha kuyaweka kwenye mizani.

Lipo sharti. Mtu akishapasua mzinga humwachia ndege kipande cha sega. Wazee husema ukimnyima, safari nyingine atakupeleka kwa simba.

Basi Twiga alirudi likizoni akamfuata Mlembe viangazi vitatu. Mlembe alimwonyesha mizinga yote, hata ule wa siri aliorithi kwa mama yake. Twiga akaandika kurasa mia tatu. Aliziandika kwa lugha ya Heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi wa ziwa la mbali, kwa kuwa Heroe ndio waliotoa shahada na hawakusoma lugha nyingine. Wakazisifu mno. Wakamvika joho, na kitabu wakakiweka ndani ya kabati la kioo.

Aliporudi, Mlembe alikuwa akimngoja kwenye tawi la chini.

"Mwalimu, karibu nyumbani. Sega langu liko wapi?"

"Nimekushukuru ukurasa wa tano."

"Umesema nini?"

Twiga akamsomea. Mlembe hakuambulia hata neno moja. Alitulia kidogo, kama anayengoja sehemu ya pili, kisha akaruka zake.

Sasa niwaambie habari za Kongoti. Aliyefika Garissa anamjua: ndege mkubwa mwenye kipara, kifuko kinaning'inia shingoni, anasimama juu ya mapaa na miti ya mji kama mzee aliyevaa koti. Katika hadithi yetu Kongoti ndiye aliyekuwa mpasha habari wa mji mkuu. Alikuwa na mabawa mapana na sauti yake ilifika kila mkoa. Lakini aliijua njia ya huku kwa harufu moja tu. Palipo na mzoga alifika kabla ya machozi kukauka. Pasipo na mzoga hukumwona. Ndiyo maana wanyama wa mbali, waliomsikiliza yeye peke yake, waliamini kwamba katika nchi yetu hakuna anayezaliwa, hakuna anayeoa wala anayechimba kisima, na kwamba watoto wetu hawafanyi mitihani.

Ukaja mwaka wa mvua isiyokatika. Laga zikafurika, barabara ya Modogashe ikageuka tope, na mbu wakapanda kutoka madimbwini kama moshi wa nyasi mbichi. Mlembe, ambaye kazi yake ni kuzunguka, aliona kondoo wawili wametupa mimba usiku mmoja. Siku ya tatu walikuwa kumi. Siku ya nne akaona mwana-kondoo amesimama peke yake, damu inamtoka puani.

Akaruka kwa Kongoti.

"Nani amekufa?" Kongoti akauliza.

"Bado hajafa mtu. Ndiyo maana nimekuja."

"Akifa, niite."

Akaruka kwa Kasuku wa baraza, aliyeajiriwa kurudia maneno ya wakubwa. Kasuku akasema hajapewa taarifa, na asichopewa hawezi kukisema. Hapo Mlembe akakumbuka kwamba ana mwalimu, tena mwalimu aliyemwandika kurasa mia tatu. Akaenda kwa Twiga. Kichwa cha Twiga kilikuwa juu kileleni, katikati ya majani, anasahihisha mitihani. Mlembe akapiga kelele mpaka koo likakauka.

"Nakusikia," Twiga akasema bila kushuka. "Una ushahidi gani? Umehesabu wangapi, wapi, kwa njia ipi? Tutaliandalia kongamano."

Kongamano lilipofika, madimbwi yalikuwa yamekauka na mizoga imelala kutoka kisimani hadi mtoni. Kongoti walishuka kwa mamia. Kila mmoja alikuwa na swali moja: ni wangapi?

Hapa naiweka hadithi kando, maana jambo lenyewe lilitokea. Mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa iliibuka Garissa. Mpaka ilipozimika mwaka uliofuata, wagonjwa 684 walikuwa wamehesabiwa Kenya nzima, na 155 kati yao walikufa. Uchinjaji ulipigwa marufuku na minada ikafungwa, katika mji ambao maisha yake ni mnada. Watafiti waliporudi kuwauliza wafugaji wa Kisomali, wakachapisha majibu yao mwaka 2010, ilibainika kuwa wafugaji walikuwa wameyaona yote na kuyaunganisha: mvua, mawingu ya mbu, mimba kutupwa, damu puani, hali ambayo wana jina lake kabisa, sandik. Waliyaona kabla ya wenye maabara. Habari ilikuwepo kamili, ina mahali, ina siku, ina idadi. Haikuwa na pa kwenda.

Jambo hilo halijanitoka moyoni. Watu wa jimbo hili si wageni wa habari. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957, na kwa miongo mingi, saa ya taarifa ikifika, wazee walikusanyika kwenye redio ndogo na hakuna aliyethubutu kukohoa. Walijua nani amepindua serikali ya nani. Walichokosa ni sauti ya kuwaambia kwamba kondoo wa kisima cha pili wanatupa mimba. Kenya ilikuwa na mbegu ya redio ya sauti kama hiyo mapema, kule Homa Bay mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO. Ilikuwa miongoni mwa redio za jamii za kwanza kabisa barani, na serikali ikaifunga baada ya miaka michache. Leo Kaskazini Mashariki kuna Star FM, kuna redio ya jamii ya Wajir, kuna Radio Gargaar kwa ajili ya watu wa Dadaab, kambi zilizoanza kufunguliwa mwaka 1991. Kila ninaposikia sauti ya kijana wa huku akitaja bei ya maziwa ya ngamia kwa lugha ya mama yake, hukumbuka yule mwana-kondoo.

Turudi kwa Twiga. Usiku wa mizoga alishuka mtoni, na kando ya maji akamkuta Ngamia, yule aliyetoa maziwa ya msimu mzima. Alikuwa amepoteza wajukuu wawili wa jirani aliowalea kama wake. Twiga alimwita Ayeeyo, kama tunavyowaita bibi zetu huku.

"Ayeeyo, nimesoma miaka mingi. Sikuona."

"Uliona, mwanangu. Shingo yako haikushuka." Ngamia akatafuna kimya. "Mgeni akifika kwetu hupewa maziwa kwanza. Akishakunywa huulizwa: iska warran, hebu jieleze, una habari gani? Na hawezi kusema 'njema' halafu akanyamaza. Atasema ametoka wapi, amepita visima vingapi, kipi kina maji na kipi kina ugomvi. Atasema nyasi zimefika goti au kifundo. Atasema lipi ameliona kwa macho yake na lipi ameambiwa, na nani aliyemwambia. Akichanganya haya mawili, hapewi maziwa tena hapa. Wewe huko ulikosoma walikufundisha nini?"

Twiga akafikiri. Alikuwa amefundishwa hayohayo, kwa maneno marefu zaidi.

Tangu hapo akaanza darasa chini ya mgunga ulio njia panda ya kisimani, jioni, mifugo inaporudi. Hakuacha kazi ya chuoni. Asubuhi alifundisha ndani ya kuta, jioni akafundisha nje. Wanafunzi wa jioni walikuwa Mlembe, Kanga, Digidigi, na Punda, ambaye kwa kubeba maji husikia kila kitu na hakuna anayemdhania kuwa ana masikio. Zoezi la kwanza lilikuwa fupi: leteni habari ya siku ambayo hakufa mtu.

Zoezi hilo ni langu, nimemwazima Twiga. Nimelitoa mara nyingi, na wanafunzi hulalamika kwamba ni gumu kuliko kuandika habari za shambulio. Ni gumu kweli. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao vijana waliotoka kila pembe ya Kenya kuja kusoma kwetu. Dunia nzima ilikuja na kamera, na ilistahili kuja. Nani asingekuja? Ila Januari 2016 masomo yalirejea, na mwaka 2017 chuo kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, na katikati ya tarehe hizo mbili palikuwa na mamia ya siku ambazo mwanafunzi wa kwanza alirudi bwenini, mama wa chai alifungua tena kibanda chake, mhadhiri alisimama mbele ya viti vitupu akaanza kusoma majina. Siku hizo ndizo zilizouponya mji, kwa kiasi ulichopona. Anayeweza kuziandika ni yule tu anayelala hapahapa.

Lakini kulala hapahapa kuna mitego yake, na ningekuwa nawadanganya wanafunzi kama ningeiruka sehemu hii.

Mtego wa kwanza ulimnasa Kanga. Kanga ana mdomo mwepesi na watoto wengi, na hofu yake ni ya kweli. Jioni moja alikuja mbio akatangaza kwamba kisima cha chini kimetiwa sumu. Mbuzi walihama usiku uleule kuelekea kisima cha mbali, na mbuzi wanne wakafa njiani kwa kiu. Kisima cha chini hakikuwa na sumu. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo wa kingo zilizobomoka. Twiga hakumfukuza Kanga. Alimwambia arudi kwenye tawi lilelile, saa ileile, mbele ya walewale, aseme: nilisema hivi, nilikosea, mbuzi wanne wamekufa, hawa hapa wenyewe. Kanga akaomba alisemee jambo hilo kwenye mti mwingine, asubuhi, watu wakiwa wachache. Twiga akakataa. Kanga alilisema. Sauti ilimkatika mara mbili, na mama wa mbuzi mmoja akaondoka kabla hajamaliza.

Magazeti makubwa huweka masahihisho ukurasa wa ndani, chini, kwa herufi ndogo, na mwandishi hakutani na aliyemkosea maisha yake yote. Kanga alikutana na yule mama kisimani kesho yake asubuhi. Na kesho kutwa.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nami sijui kama kuna kitabu kilichouandika vizuri. Hori la kunyweshea mifugo lilivunjwa usiku. Ndama wa ukoo mmoja walikosa maji siku mbili. Aliyeona waliolivunja ni Digidigi, aliyekuwa amejificha kichakani kama kawaida yake, na waliolivunja walikuwa kaka wawili wa mama yake.

Akamjia Twiga usiku.

"Mwalimu, nikisema, mama yangu hatanitazama. Nisiposema, wale watalipiza kwa wasiohusika, na damu itamwagika. Vitabu vyako vinasemaje?"

Vitabu vya Twiga vilisema mwandishi asiwe na upande. Vilikuwa vimeandikwa ziwani, na ziwani hakuna Heroe anayemwandika mjomba wake kisha akanywa naye maji jioni. Twiga akakaa kimya kirefu. Mwisho akasema, "Sijui. Twende pamoja."

Hawakwenda kwenye mti. Walikwenda kwanza kwa wajomba. Digidigi akasimama, miguu inamtetemeka kama majani. "Abti, niliwaona. Kesho jioni nitasema. Nataka nitakaposema, maneno yenu yawemo." Wajomba walifoka, wakamwita msaliti, wakamuuliza amenyonya kwa nani. Kisha, alfajiri, mkubwa wao akasema: njia ya kwenda horini ilizibwa kwa miiba tangu mwezi uliopita, na wazibaji ni walewale wanaolia leo. Mbona hilo halikutangazwa?

Hakuna aliyekuwa amelitangaza. Digidigi akaenda kuitazama miiba, akaihesabu, akawauliza walioiweka. Jioni alisema yote mawili, miiba na hori, kwa majina. Aliyasema chini ya mti wa ukoo wake kwanza, mama yake akiwepo, kisha chini ya ule wa wengine.

Maslaha ikakaa. Wazee walizungumza siku tano, hori likajengwa upya, miiba ikaondolewa. Digidigi hakushukuriwa na upande wowote. Miezi miwili hakupewa nafasi kivulini kwao, akala peke yake juani. Wanafunzi wangu huniuliza kila mara kama mama yake alimsamehe. Huwaambia kwamba nimeisimulia hadithi mpaka hapo nilipoijua.

Wapo watakaosema hili ni jambo la hekaya tu. Waende Wajir. Mapigano ya koo yalipoutafuna mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake walianzia sokoni. Walitaka mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kuzuiwa, wakaweka wanawake wa kulinda jambo hilo na kupeleka habari pale linapovunjwa. Halikuwa gazeti, wala hakuna aliyewapa kitambulisho cha mwandishi. Lakini tazama walichofanya: walikuwepo mahali, waliona kwa macho yao, walimtaja mkosaji hata akiwa wa kwao, na waliwapelekea habari wanaoweza kutenda. Wazee wakafuata nyuma yao, na Azimio la amani la Al-Fatah likapatikana mwaka 1993. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011. Nikitakiwa kutaja mwalimu wa kwanza wa habari za karibu katika Kaskazini Mashariki, namtaja yeye na wale wanawake wa soko.

Miaka ikapita. Heroe wakaleta baraza lao kupima nani anastahili uprofesa. Walisimama kwa mguu mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yao, wakamwita Twiga.

"Una makala mangapi katika jarida letu?"

"Mawili."

"Umefanya nini miaka yote hii?"

Twiga akawaambia kuhusu mti. Aliwaambia kwamba kisima hakijachafuka kwa uvumi tangu siku ya Kanga. Aliwaambia kuhusu Punda, ambaye sasa hutangaza jioni kina cha maji ya kila kisima alichopita, akitaja alichopima mwenyewe na alichoambiwa, na kwamba ng'ombe huhama kwa maneno yake.

"Nani aliyeipitia kazi hiyo?"

"Kisima kizima. Kila jioni."

"Kisima si jarida," wakasema, wakalifunga faili.

Nami kuna chuo kiliwahi kunirudishia faili namna hiyo. Sikitaji. Walionirudishia walikuwa watu wa heshima, na walifuata kanuni walizozikuta. Nina ugomvi na kanuni zenyewe. Kanuni inayomlipa msomi kwa kuwaeleza wageni jinsi Garissa inavyozungumza, na isiyomlipa chochote kwa kuisaidia Garissa izungumze, inakula asali na kuacha mzinga mtupu. Tasnifu kuhusu wafugaji wetu, visima vyetu, wakimbizi wa Dadaab na redio zetu zimejaa makabatini, Nairobi na ng'ambo. Nimezisoma nyingi, na nyingine ni nzuri sana. Sijawahi kumkuta mfugaji aliyesomewa hata moja.

Jioni ile Twiga alishuka mtoni kunywa. Mnajua twiga anavyokunywa. Hupanua miguu ya mbele, tena na tena, mpaka shingo yote ile ifike chini, na akiwa hivyo ni mnyonge kuliko mbuzi. Mlembe akaja akatua kwenye ukoka, karibu na sikio lake. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wa Twiga, hakulazimika kupiga kelele.

"Nimesikia wamekukatalia."

"Wamenikatalia."

"Pole, mwalimu." Akanyamaza. "Na sega langu?"

Twiga akanywa funda moja. Kisha, bila kuinua kichwa, akaanza kuzisoma kurasa mia tatu kutoka kichwani, ukurasa wa kwanza kwanza, akizigeuza kutoka lugha ya Heroe kuja lugha ya nyumbani. Maneno mengine hayakuwa na mwenzake, akayazunguka. Mengine, alipoyageuza, yaliishia kuwa marefu na hayakubaki na kitu ndani, akayaruka. Maji ya Tana yalipita yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na upande wa pili adhana ya magharibi ikasikika mjini.

Hakufika ukurasa wa pili.

"Ngoja," Mlembe akasema. "Umesema mzinga ule ulikuwa kwenye mgunga wa kushoto."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Ulikuwa wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshaungua. Nilikuambia siku ileile, ila ulikuwa unaandika."

Twiga akakaa vilevile, miguu imepanuka, sikio chini. "Wa kulia," akasema. "Endelea kunisahihisha. Siku ya pili ulinipeleka wapi?"